Mwaka Mume Wangu Alipoitwa Leonidi

Simu ilipigwa saa nne asubuhi, nikiwa napiga pasi gauni la mteja. Mume wangu Melkiadi aliipokea akiwa amesimama mlangoni, akasikiliza muda mrefu, kisha akaiweka juu ya meza ya cherehani. "Mama Leonidi amefariki," akasema. "Wamemzika jana." Niliendelea kupiga pasi mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka moto. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliuliza Mama Leonidi ni nani, nikamjibu kwamba ni rafiki wa zamani wa babu yake. Sikudanganya. Lakini niliogopa, na mwenyewe nikashangaa, maana nilidhani mambo yale yalikwisha siku nyingi. Leo mimi ni mama wa watoto wanne, nina duka la ushonaji hapa Mpanda mjini, na mvi zimeanza kunijia kichwani. Hofu yangu ya mwaka ule haikuzeeka pamoja nami. Ilinikuta pale kwenye pasi ikiwa na nguvu zake zote.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa kwanza wa ndoa yetu. Mimi Mkonongo wa Mpanda niliolewa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, na kijana aliyezaliwa huko huko na wazazi waliokimbia Burundi. Tulipewa chumba kimoja katika nyumba ya wakwe, chenye dirisha linalotazama shamba la mihogo, na baiskeli ya Melkiadi ilikuwa inalala humo pamoja nasi. Mwaka ule Mishamo nzima ilikuwa inasubiri. Watu walikuwa wameomba uraia wa Tanzania, wakaambiwa wamekubaliwa, ila vyeti vyenyewe vilikuwa havijaja. Mtu alikuwa anapalilia mahindi huku sikio liko barabarani. Ikipita pikipiki ngeni, majembe yanasimama. Kisimani kila siku kulikuwa na habari mpya: mara vyeti vimefika Mpanda, mara vimerudishwa, mara wale waliovuka kwenda Burundi, hata kwa msiba, majina yao yamekatwa. Hakuna aliyejua habari hizo zinatoka wapi, lakini kila mtu alizimeza pamoja na ugali wake. Hiyo ya majina kukatwa ndiyo iliyotukaa sisi kooni, maana tulikuwa na safari.

Baba mkwe alikuwa amefariki baada ya mavuno, na kabla hajafa alimshika Melkiadi mkono akamwambia, "Nenda ukamsalimie Gaspari. Mwambie nilikuwa nakuja." Gaspari, ambaye sote tulimwita Baba Leonidi, alikuwa jirani yake pale Mishamo kwa zaidi ya miaka thelathini. Walifyeka pori pamoja, wakachoma tofali pamoja. Mwanawe wa pekee, Leonidi, alikaa dawati moja na Melkiadi, na malaria ilimwua akiwa na miaka kumi na saba; kaburi lake liko nyuma ya kanisa la kijiji, nimelipita mara nyingi. Baada ya msiba ule Baba Leonidi na mkewe Veronika walijiandikisha kurudi Burundi, wakaenda. Lakini Melkiadi hakuwasahau. Alipokuwa mtoto wa miaka sita akashikwa na degedege, baba yake akiwa mbali, ni Baba Leonidi aliyempakia kwenye baiskeli akamkimbiza zahanati huku akimshikilia kwa mkono mmoja. Na miezi ile baada ya baba mkwe kufa, mzee huyo alipiga simu mara tatu. Kila mara aliuliza jambo moja: mtakuja lini?

Mama mkwe hakutaka. "Nyie watoto," alituambia tukiwa tunakula, "mlango unafungwa, watu wote wanaingia ndani, nyie ndiyo mnatoka nje?" Melkiadi akamjibu kwa upole kwamba baba aliagiza. Mama akasogeza sahani yake pembeni. "Aliyeagiza hayupo. Cheti kikija, jina likasomwa, nani ataitika? Mimi?" Tulipata kibali cha siku kumi na nne katika ofisi ya makazi, karatasi moja yenye mhuri. Nilikikunja ndani ya kitambaa, nikakifunga kiunoni, na njia nzima hadi Kigoma nilikuwa nakigusa. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mpakani pale Manyovu afisa alikisoma kibali chetu mara mbili. "Mnaenda kufanya nini?" "Kusalimia," Melkiadi akasema. "Kusalimia tu?" "Marehemu baba alituagiza, mkuu." Afisa alimtazama, akanitazama mimi, akagonga mhuri. "Siku kumi na nne," akasema. "Ya kumi na tano usije ukanisimamia hapa na maelezo."

Nyumba ya Baba Leonidi ilikuwa juu ya kilima chenye michikichi mingi, vyumba vitatu na jiko la nje. Mama Leonidi alitukimbilia njiani bila viatu. Alimshika Melkiadi kichwa kwa mikono miwili, akazinusa nywele zake, akalia mpaka akakaa chini. Mimi nilidhani analia kwa sababu anamkumbuka baba mkwe. Walituonyesha chumba chetu, na mpaka leo nakiona: kitanda kipya ambacho mbao zake zilikuwa bado zinanukia utomvu, chandarua kipya, na kwenye msumari ukutani koti la kiume la kijivu. Melkiadi akalijaribu kwa utani, likamkaa sawasawa. Baba Leonidi akacheka. "Chukua," akasema, "ni lako." Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, dagaa, na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakang'aa. Joto lilikuwa kali, lakini kabla ya kula mzee aliinuka akafunga dirisha la upande wa kushoto. Alirudi akakaa, akamega tonge, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Mkazamwana wetu, wewe hapa usijichoshe kusema Kirundi. Na kisimani utakuwa unaenda na mama yako, usiende peke yako." Nikaitikia. Hakuwa anajua kwamba mwaka mzima nilikuwa napika na mama mkwe ambaye jikoni hasemi lugha nyingine, na kwamba Kirundi changu, ingawa kilichechemea mdomoni, masikioni kilikuwa kinatembea vizuri.

Upande ule wa dirisha lililofungwa kulikuwa na ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua alikaa Siprian na mkewe Goreti na watoto wao sita. Habari yao nilielezwa kwa vipande. Watu walipokimbia zamani zile, ardhi ya ukoo wa Gaspari ilichukuliwa na wengine, na baba yake Siprian akapata kipande kikubwa; Siprian alizaliwa pale. Baba Leonidi aliporudi, alipewa mahali pa kujenga huku kesi ikisikilizwa na wazee wa kilima. Basi wakakaa hivyo, ua katikati, hawasalimiani. Kila asubuhi Siprian alikuwa anakuja na panga kupunguza minyaa upande wake. Alikata tawi moja, akatutazama, akakata jingine. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa kofia ya sufu hata juani, na kila alipotutazama alikuwa anamtazama Melkiadi. Nilimwambia mume wangu, "Yule mtu ana neno na wewe." "Ananijulia wapi?" akasema. "Mimi nimekuja jana."

Siku ya tano nilikuwa nyuma ya jiko nabambua maharage. Wakaja wazee wawili, nikawasikia wakikaribishwa sebuleni. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Mmoja akauliza kwa Kirundi, "Kijana amefika kweli?" Baba Leonidi akajibu, na nakumbuka sauti yake ilikuwa imechangamka kuliko nilivyowahi kuisikia. "Amefika. Leonidi wangu amefika, na mke amekuja naye, na mke ana mimba." Wakacheka wote watatu. "Basi Alhamisi asimame mbele yetu," akasema yule mzee, "aseme mwenyewe, tumalize." Nilifikiri masikio yangu yamepotoka. Kisha Baba Leonidi akaita kwa nguvu, "Leonidi! We Leonidi!" Na kutoka uani, alipokuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli ya mzee, mume wangu akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani. Niliona kwa macho yangu. Aliitwa kwa jina la maiti, akaenda. Maharage yalinimwagika, nikayaokota moja moja.

Wageni walipoondoka nikamvuta Melkiadi hadi kwenye michikichi. "Kwa nini uliitika?" "Nilidhani amekosea," akasema. "Mzee mtu mzima, amefiwa. Ningemsahihisha mbele ya wageni?" Nikamwambia nilichosikia. Alinisikiliza akiwa ameshika spana, na rangi ya uso wake ikawa kama ya majivu. Hakusema kwamba nimesikia vibaya. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakukana hata kidogo. Baadaye nilielewa kwamba naye alikuwa ameanza kuhisi, kwa lile koti, kwa kile kitanda, kwa namna watu wa njiani walivyokuwa wakimpa mkono na kumwambia karibu nyumbani.

Mama Leonidi mwenyewe ndiye aliyetueleza, jikoni, alasiri ile ile, akiwa anatwanga kisamvu. Hakuacha kutwanga, nadhani asingeweza kusema akiwa ametulia. Alisema wazee wa kilima waliwaambia kwamba mtu asiye na mrithi hahitaji ardhi kubwa. Atapewa pa kulala na bustani, nyingine abaki nayo Siprian mwenye watoto. Ndipo Baba Leonidi aliposimama akasema, mimi nina mwana, yuko Tanzania, anakuja. "Lilimtoka tu mdomoni," Mama Leonidi akasema. "Likishatoka, utalirudishaje? Wote hapa wanatuita Baba Leonidi, Mama Leonidi. Wanajua yuko. Hatujamwambia mtu kwamba tulimzika." Akamgeukia Melkiadi. "Ni neno moja, mwanangu. Watakuuliza wewe ni Leonidi wa Gaspari? Useme ndiyo. Halafu rudini kwenu." Melkiadi akamwuliza, "Na wakiandika?" "Wataandika." "Wataandika mimi ni mtu wa hapa, mama. Na kule nasubiri kuandikwa mtu wa kule." Mama Leonidi akaacha kutwanga. Alinyoosha mkono wenye majani ya kisamvu, akanigusa tumbo. "Na huyu akizaliwa hapa ni vibaya?" akauliza. Alikuwa anasema kwa upendo, najua. Lakini nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

Tangu saa ile sikuweza kula. Hofu nyingine unaweza kuitazama: mamba mtoni, nyoka njiani, unajua iko wapi na unakwepa. Hii ilikuwa imekaa nasi mezani, inatukatia mkate wa muhogo, inauliza kama tumeshiba. Nilikuwa nawapenda wazee wale. Baba Leonidi alikuwa ananichagulia dagaa wakubwa akiniwekea kwenye sahani. Kisha anamtazama Melkiadi anavyotafuna, na macho yanamlengalenga machozi, nami sikujua tena anamwona nani. Nilimwuliza mume wangu kila tulipokuwa peke yetu: utasema nini Alhamisi? Akawa anajibu kwa mambo mengine. Mara moja tu aliniambia, "Modesta, mimi ningekuwa nimekufa nina miaka sita." Nikamjibu, "Kwa hiyo ufe sasa?" Akatoka nje.

Jumapili tulikwenda kanisani wote wanne. Njiani watu walitusalimia, na mtoto mmoja alitunyooshea kidole akasema, "Watanzania hao." Tuliporudi, Baba Leonidi ndiye aliyekuwa mbele, akasimama ghafla. Ua wote wa minyaa ulikuwa umekatwa usawa wa goti, kutoka barabarani hadi chini bondeni. Utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika, matawi yamelazwa upande wetu, yamepangwa vizuri, yote yakielekea mlangoni. Ng'ambo, Siprian alikuwa amekaa kwenye kigoda, panga liko magotini, watoto wake wamesimama nyuma yake kimya. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyetisha. Baba Leonidi alitaka kwenda; Mama Leonidi akamshika koti. "Ingia ndani," akamwambia. "Ingieni ndani nyie wote." Tuliketi ndani milango imefungwa, mchana mweupe, na dirisha lile la kushoto sasa halikuwa na kitu cha kulifichia. Nilihesabu kichwani mwangu siku zilizobaki kwenye kibali, nikahesabu hatua za kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma. Tangu siku ile, kila nilalapo nyumba ngeni nahesabu hatua. Watoto wangu wananicheka.

Jumanne goti la Mama Leonidi lilivimba, hakuweza kushuka kisimani. Nikachukua dumu, nikasema nitakwenda. Akaniambia ngoja Melkiadi arudi, lakini nilikuwa nimekwisha toka. Leo nikijiuliza nilikwenda kufanya nini, najibu kwamba nilikwenda kuchota maji. Na nikijiuliza tena, najua si kweli. Goreti, mke wa Siprian, alikuwa pale peke yake. Ni mwanamke aliyenizidi umri, mtoto mgongoni. Aliponiona, dumu lilimponyoka likabingirika hadi miguuni pangu. Nikaliokota nikampa. Hakulipokea. Alirudi nyuma, mkono mmoja umemkinga mtoto, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: alikuwa ananiogopa. "Mtatutoa lini?" akaniuliza kwa Kiswahili cha sokoni. "Mimi nimezaa saba pale. Mmoja nimezika pale. Mtatutoa kabla ya mvua au baada?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia aulize wazee. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Hatumtoi mtu. Yule si Leonidi. Yule ni mume wangu, anaitwa Melkiadi. Leonidi alikufa Mishamo, kaburi lake nalijua." Goreti alinitazama kama mtu anayesikiliza habari mara mbili. Kisha akakaa chini kwenye majani na mtoto wake, akafunika uso. Nami nilihisi wepesi mkubwa, na nyuma ya wepesi ule, haraka sana, aibu. Nilipogeuka, Mama Leonidi alikuwa juu ya njia, ameegemea fimbo, na goti lake lile. Alikuwa amenifuata. Sijui alisikia kiasi gani. Aligeuka akaanza kupanda taratibu, na nilipomfikia na dumu kichwani hakuniuliza kitu. Tulipanda hivyo hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na siku mbili zile alinipikia kama kawaida.

Alhamisi wazee walikaa kwenye madawati katika uwanja wa shule. Watu wa kilima walijaa. Baba Leonidi alikuwa amevaa suti yake ya zamani, na Melkiadi, kwa kuombwa, alikuwa amevaa lile koti la kijivu. Nilimtazama usoni nisijue atasema nini. Mume niliyelala naye kitanda kimoja, nikawa simjui. Mzee mkubwa akamwita asimame. Kabla hajamwuliza, Siprian akanyoosha mkono, akavua kofia yake. "Naomba huyu kijana aulizwe jambo moja tu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Leonidi wa Gaspari amezikwa wapi?" Nilisikia mtu akikohoa mbali. Baba Leonidi aliinua kichwa, akatazama mkewe, akatazama Melkiadi, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Melkiadi alikuwa bado amesimama. Mzee mkubwa akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ni nani?" Akasema, "Mimi ni Melkiadi, mwana wa Bernardo. Leonidi alikuwa rafiki yangu. Tumemzika Mishamo, nyuma ya kanisa." Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye dawati mbele ya Baba Leonidi. Mzee hakuligusa.

Nilitegemea kelele na mapanga. Havikuja. Wazee walizungumza pembeni muda mrefu, wakarudi wakasema kwamba uongo ni uongo, lakini mtu aliyezaliwa juu ya kilima hafukuzwi kilimani. Gaspari na Veronika watabaki na nyumba na michikichi ya bondeni mpaka wafe, sehemu nyingine ni ya Siprian, na ua upandwe upya na nyumba zote mbili. Siprian alipita mbele yetu, akasimama mbele ya Baba Leonidi, akasema neno moja tu la pole ya msiba. Wa mtoto. Miaka yote ile hakuna mtu pale kilimani aliyewahi kuwapa pole ya Leonidi, maana hakuna aliyejua. Hapo ndipo Mama Leonidi alipolia, na wanawake wa kilima, Goreti pia, wakaja wakakaa naye chini.

Tuliondoka kesho yake, siku ya kumi na moja. Baba Leonidi hakutoka kutuaga. Melkiadi aliingia sebuleni akapiga magoti mbele ya kiti chake, akasema, "Baba, tunarudi," na mzee akaendelea kutazama ukuta. Mama Leonidi alitusindikiza hadi barabarani akiwa na chupa ya mawese ya kumpelekea mama mkwe. Melkiadi alipokwenda kutafuta gari, mama huyo alinishika mkono. "Uliogopa," akaniambia. Nikasema, "Ndiyo, mama." "Hata mimi niliogopa," akasema. "Ila wewe umeogopa siku kumi. Mimi nimezeeka nayo." Nikamwomba msamaha. Akanifunga vizuri kitenge kwenye tumbo, kama ambavyo mama yangu angefanya. "Zaa salama," akasema. Sikumwona tena.

Mpakani afisa alikuwa mwingine, hakututazama hata usoni. Nilijifungua msimu wa mvua, binti. Na miezi kadhaa baadaye, siku ambayo watu walikuwa wamekwisha choka kuitegemea, vyeti vikaja. Waliita majina kwenye uwanja, kijiji kwa kijiji, na mama mkwe alisimama mbele kabisa tangu asubuhi na mjukuu mgongoni. Jina la Melkiadi lilisomwa. Halikuwa limekatwa. Mama alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka, akabaki kucheza na wenzake pamoja na mtoto, sisi tukatangulia nyumbani kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma nimeshika bahasha. Karibu na daraja la mbao Melkiadi akafunga breki, akashuka. Alisimama akiangalia maji.

"Modesta, nikwambie kitu," akasema. "Siku ile pale shuleni, nilikuwa nimeshaamua. Ningesema ndiyo."

"Ungesema?"

"Ningesema mimi ni Leonidi. Kama Siprian asingeuliza lile swali, leo hapa wangesoma jina langu na mimi niko kule. Mpaka leo nashindwa kuelewa alijuaje."

Basi nikamwambia. Nilimwambia habari ya kisimani, dumu, maneno niliyoyasema, Mama Leonidi juu ya njia. Sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. "Baba Leonidi anajua?" akauliza. Nikasema hajui. "Asijue," akasema, na akaanza kutembea akiisukuma baiskeli, nami nikamfuata kwa nyuma. Tulitembea hivyo mpaka mashamba ya kwanza ya mihogo yakaonekana, na wakati wote nilikuwa nasubiri anigeukie. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Umenikasirikia?" nikamwuliza.

Akasimama. "Hapana," akasema. "Naogopa."

"Unaogopa nini? Cheti si hiki hapa?"

Aliichukua ile bahasha mkononi mwangu, akaigeuza, hakuifungua. "Yule mzee alinibeba kwa mkono mmoja," akasema. "Nawe umemwangusha mbele ya watu. Na mimi nimefurahi, Modesta. Ndicho ninachoogopa."